Mikono Miwili, Sanduku Moja: Historia ya Barua Kutoka Mombo Hadi Kwenye Seva

Barua ya kwenda Malindi, na ninasema Malindi ya Lushoto, kata iliyo juu milimani Usambara, wala si ule mji wa pwani ya Kenya, imepita njia moja kwa sehemu kubwa ya historia yake. Ilishuka melini Tanga, ikapanda treni hadi Mombo, ikaacha bonde na joto lake, ikapandishwa Soni, ikafika Lushoto, kisha mtu akaibeba kwa miguu hadi kwa mwenyewe. Anayetazama ramani atadhani kilichowasumbua wenye kazi ya barua ni umbali na mwinuko. Umbali ulikuwepo, ila wenyewe waliuzoea. Kilichowatoa jasho kizazi hadi kizazi ni pale kitu kimoja kinapotakiwa na wawili kwa dakika ileile: kipande kimoja cha reli, laini moja ya simu, faili moja ya barua. Fundi anayeandika leo skripti ya kufikisha barua pepe kwenye seva ya shule au hospitali anakutana na jambo hilohilo, na mara nyingi hajui kwamba waliomtangulia walishalipigania.

Tuanze na reli. Wajerumani walianza kuitandika Tanga mwaka 1893. Mwaka 1896 ilifika Muheza, ikakwama kwa kukosa fedha, hadi serikali ilipoinunua kutoka kwa kampuni iliyoianzisha, mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka Tanga. Upana wake ulikuwa mita moja, na njia ilikuwa moja. Treni ya kupanda na treni ya kushuka zilipishana stesheni tu, palipokuwa na reli ya pembeni. Juu mlimani Wajerumani walijenga Wilhelmstal, makao ya wilaya, ndio Lushoto ya leo. Mlalo kulikuwa na wamisionari wa Bethel tangu mwaka 1891, walioiita stesheni yao Hohenfriedeberg. Watu wote hao waliandika barua, wakasubiri barua, na riziki yao ya habari ilitegemea kwamba treni mbili hazitaingia katika kipande kimoja cha reli kwa pamoja.

Kanuni ya njia moja ni nyepesi kuisema: treni haiachiwi mpaka stesheni ya mbele ikubali kwa simu ya waya kwamba kipande kilicho kati yao ni kitupu. Ugumu umo katika neno "kubali". Wakuu wawili wa stesheni wakiangalia reli kwa wakati mmoja, kila mmoja ataiona tupu, na kila mmoja akiamini macho yake ataachia treni yake. Kuona kwamba njia ni tupu hakutoshi. Lazima kuona na kuchukua viwe tendo moja, lisilo na mwanya katikati. Waingereza kwao walilitatua hilo kwa fimbo: kila kipande cha reli kina fimbo yake moja, na dereva asiyeishika mkononi haondoki. Fimbo ikiwa moja, haiwezekani wawili waishike. Lakini fimbo ikiwa upande wa pili na hakuna treni ya kuirudisha, njia nzima inasimama ingawa haina kitu, mpaka mtu atembee na kuileta.

Novemba 1914 njia hiyo moja ilibeba uzito usio wa kawaida. Waingereza walikuja Tanga na jeshi la watu kama 8,000 kutoka India, na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akawa na kazi ya kushusha vikosi vyake kutoka Moshi kwa reli hiyohiyo, treni baada ya treni, na mabehewa matupu yakirudi juu kuchukua wengine. Askari wake waliopigana Tanga walikuwa kama 1,000 tu, na walishinda. Vitabu vya vita husifu bunduki na nyuki waliowauma askari huko Tanga. Mimi nawasifu pia wale waliokaa kwenye simu za stesheni, wakipanga nani apite na nani angoje, kwa sababu treni mbili zingekutana uso kwa uso mahali fulani baada ya Mombo, historia ya vita ile ingeandikwa vingine.

Mwaka 1916 Waingereza waliichukua Usambara, na jina la Wilhelmstal likaondoka. Posta ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda mwaka 1933, ikabaki hivyo hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Katika muda wote huo barua yetu ilikuwa na tabia moja ambayo nataka msomaji aishike, kwa kuwa nitairudia: haikuletwa nyumbani, ilingojwa kwenye sanduku la posta. Na sanduku lilikuwa la wengi. Shule ina S.L.P. yake mjini Lushoto, na humo zinalala barua za mwalimu mkuu, za wanafunzi, za fundi aliyeomba kutumia anwani ya shule, na za bibi ambaye mwanawe yuko Dar es Salaam. Karani wa posta anaingiza barua kwa nyuma wakati tarishi anafungua mlango wa mbele kwa ufunguo. Wawili wako kwenye sanduku moja kwa wakati mmoja, na hakuna kinachoharibika. Kila barua imo ndani ya bahasha yake. Barua ya bibi haiwezi kuanza katikati ya barua ya mwalimu.

Mwaka 1965 mambo mawili yalitokea mbali na hapa, na hayakujuana. Wizara ya Fedha jijini Dar es Salaam ilipata kompyuta, ya kwanza nchini. Na Uholanzi, mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alichapisha makala fupi kuhusu kompyuta zinazofanya kazi pamoja na kuandika katika kumbukumbu moja: zitajizuiaje zisiingie kwa pamoja mahali pasipofaa kuingia wawili? Dawa aliyoieleza katika miaka hiyo aliipa jina la mkono wa ishara unaosimama kando ya reli, ule unaoinuka na kushuka kumwambia dereva apite au angoje. Alijua anachokisema, maana swali lake lilikuwa swali la wakuu wa stesheni.

Tanzania haikupata nafasi ya kulijadili sana. Mwaka 1974, baada ya hasara za mfumo wa hesabu serikalini, kuingiza kompyuta nchini kulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo barua pepe ilipobisha hodi Afrika Mashariki, haikukuta vyumba vya mitambo mikubwa na wataalamu wake. Ilikuta kompyuta ndogo moja juu ya meza, modemu moja, na laini moja ya simu iliyopatikana kwa kuomba.

Walioifungua njia hiyo wanastahili kutajwa. Dakta Bernard Lown wa Boston, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa madaktari waliopewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1985, alianzisha shirika la SatelLife, na mtandao wake wa HealthNet ukafika kwa madaktari na vyuo vya tiba vya Afrika, Muhimbili ikiwemo. Walitumia satelaiti ndogo zilizotengenezwa Chuo Kikuu cha Surrey, zinazozunguka chini chini: satelaiti inapita juu ya kituo kwa dakika chache, inapokea barua, inakwenda nazo, inazishusha ikipita juu ya kituo kingine. HealthSat-2 ilirushwa mwaka 1993. Wakati huohuo, kwa msaada wa IDRC, kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe. Nairobi kulikuwa na NGONET, kwa ajili ya mashirika yaliyojiandaa na mkutano wa mazingira wa Rio wa mwaka 1992. Kampala, Charles Musisi aliendesha kituo cha Makerere kilichojulikana kama MUKLA. London, GreenNet ilivipigia simu vituo vya Afrika, ikachukua mizigo yao na kuiingiza kwenye intaneti.

Sehemu kubwa ya vituo hivyo ilitumia FidoNet, mfumo ulioanzishwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984 kwa ajili ya watu wenye kompyuta za nyumbani. Ulikuwa mfumo wa watu wasio na fedha, na ndiyo maana ulitufaa. Barua hazikwenda moja moja. Zilikusanywa mchana kutwa, zikabanwa kuwa furushi moja, na usiku, simu zikiwa nafuu na laini zikiwa tulivu, modemu iliita, furushi likaenda, furushi jingine likaja. Afrika nzima ilikuwa kanda namba 5.

Hebu tuingie ndani ya folda ya kituo kimoja tuone kazi inavyokwenda. Kuna programu mbili. Moja hushika simu. Mojawapo ya zile maarufu ilikuwa BinkleyTerm. Nyingine hufungua mafurushi yaliyofika, ikagawa barua kwa wenyewe, kisha ikafunga barua mpya katika mafurushi ya kuondoka. Furushi lina jina la herufi na tarakimu nane, na mkia wake unaonyesha siku: .MO0 kwa Jumatatu, .TU0 kwa Jumanne. Maadamu kompyuta ni moja na mfumo ni DOS, unaoendesha programu moja kwa wakati, hakuna shida: ama unapokea simu, ama unafunga furushi. Kisha mtu anapata laini ya pili, au anaweka DESQview ili DOS iendeshe mambo kadhaa pamoja, au anaunganisha kompyuta mbili kwenye diski moja. Sasa programu ya kufunga inaweza kuongeza barua katika furushi la Jumanne huku modemu iko katikati ya kulituma. Upande wa pili unapokea furushi lenye mwanzo wa zamani na mwisho mpya. Hesabu ya uhakiki haikubali, furushi halifunguki, na barua zote zilizomo, labda za siku nzima, zimepotea kwa ajili ya barua moja iliyochelewa.

Dawa ya BinkleyTerm ilikuwa faili tupu. Programu inayotaka kugusa mzigo wa kituo fulani inaunda kwanza faili yenye namba za kituo hicho na mkia .BSY. Kwa kituo cha 20 katika mtandao wa 100, kwa mfano, faili inaitwa 00640014.BSY, namba zilezile zikiwa zimeandikwa kwa msingi wa kumi na sita. Programu nyingine ikiikuta faili hiyo, inaacha kituo hicho na kuendelea na kingine. Mwenye faili akimaliza, anaifuta. Hiyo ndiyo fimbo ya reli katika umbo la faili. Ndani yake hamna kitu, wala hakihitajiki. Kazi yote inafanywa na kuwepo kwake.

Na udhaifu wake ni uleule wa fimbo iliyobaki stesheni ya mbali. Miaka ya 1990 ilikuwa miaka ya mgao wa umeme. Umeme ukikatika modemu ikiwa kazini, kompyuta inazimika na faili ya .BSY inabaki kwenye diski. Umeme ukirudi, mashine inawaka, programu zote mbili zinaikuta, na kila moja kwa adabu inangoja mwenzake amalize. Mwenzake hayupo. Barua zinalala hapo hadi binadamu aje. Waendeshaji walijifunza haraka kuweka katika AUTOEXEC.BAT amri ya kufuta faili zote za .BSY kila kompyuta inapowaka. Ni dawa nzuri pale kompyuta ni moja. Zikiwa mbili kwenye diski moja, ile inayowaka inafuta kufuli ya mwenzake aliye kazini, na tumerudi kwenye furushi lililoharibika.

Waliotumia mfumo endeshi wa Unix pamoja na UUCP, mfumo uliozaliwa Bell Labs katika miaka ya 1970 kwa kazi hiyohiyo ya kupitisha mizigo kwa simu, walikuwa hatua moja mbele. Kufuli ya modemu ilikuwa faili yenye jina kama LCK..ttyS0, na ndani yake iliandikwa namba ya mchakato ulioichukua. Anayeikuta hafuati adabu peke yake. Anasoma namba, anauliza mfumo kama mchakato wenye namba hiyo ungali hai, na kama umekufa anaiondoa kufuli na kuichukua yeye. Naipenda hatua hii kuliko nyingi zilizofuata, kwa sababu ilikubali wazi kwamba mwenye kufuli anaweza kufa nayo mfukoni. Ilikuwa na mpaka wake pia: namba ya mchakato ina maana katika mashine yake tu. Mashine ya jirani ikiuliza namba 412 iko hai, itajibiwa habari za 412 wake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye sanduku. Wabunifu wa Unix waliliita sanduku la barua, lakini walichotengeneza kilikuwa daftari. Kila mtumiaji alipewa faili moja, na kila barua mpya iliandikwa mwishoni mwa faili hiyo, chini ya ile iliyotangulia. Mwanzo wa barua ulitambuliwa kwa mstari unaoanza na neno "From" na nafasi. (Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta barua ya zamani ya Kiingereza ambayo neno hilo, likiwa limeanza mstari, limewekewa alama ya > mbele yake: mashine ilihofia kwamba barua mpya imeanza katikati ya sentensi.) Daftari ni rahisi kulielewa, ni rahisi kulinakili, na kwa mtu mmoja anayepokea barua chache kwa siku halina neno. Lakini barua mbili zikifika kwa pamoja, michakato miwili inaandika mwishoni mwa faili ileile. Mistari ya bibi inaingia katikati ya mistari ya mwalimu. Au mtumiaji anafuta barua, programu yake inaandika upya faili nzima, na barua iliyoingia wakati huo inafutika bila mtu kujua kwamba iliwahi kufika. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Barua iliyochanganyika utaiona, lakini iliyotoweka haina wa kuilalamikia.

Hapo ndipo skripti za kufikisha barua zinapoingia, na hapo ndipo wengi wanaanguka. Fundi anataka barua zinazokuja kwa anwani fulani zipite kwenye programu yake mwenyewe: zipangwe, zihesabiwe, zitumwe kwa simu, zihifadhiwe mahali. Anaandika mistari kumi. Anakumbuka kufuli, anaandika: kama faili ya kufuli haipo, iunde, kisha endelea. Anajaribu, inafanya kazi, anakwenda nyumbani. Lakini mistari hiyo ni wale wakuu wawili wa stesheni kila mmoja akiangalia reli kwa macho yake. Kati ya kutazama na kuunda kuna mwanya, na mchakato wa pili unaweza kupita humo. Mfumo una amri moja inayofanya yote mawili kwa pamoja: unda faili hii, na kama ipo tayari, kataa. Kwenye diski za mtandao za NFS, iliyoletwa na Sun mwaka 1984, hata amri hiyo haikuaminika katika matoleo ya mwanzo, na mafundi wakalazimika kuzunguka: unda faili yenye jina lisiloweza kufanana na la mwingine, jaribu kuipa jina la pili ambalo ni jina la kufuli, kisha hesabu majina yake. Yakiwa mawili, kufuli ni yako.

Stephen van den Berg aliyafungasha maarifa hayo katika procmail, aliyoiandika mwaka 1990, na kwa miaka mingi ndiyo iliyogawa barua kwenye seva nyingi za Unix. Kila kanuni ya procmail inaanza na nukta mbili na sifuri, hivi: `:0`. Ukitaka kufuli, unaongeza nukta mbili nyingine mwishoni: `:0:`. Basi. Tofauti kati ya daftari salama na daftari linaloweza kuharibika ni alama moja ambayo jicho linaipita, na kanuni isiyo nayo haitoi kosa lolote. Inafanya kazi leo, kesho na wiki ijayo, mpaka siku barua mbili zitakapofika pamoja. Sioni haki katika chombo kinachomfanya anayesahau alipe baadaye sana, wakati hakumbuki tena alichoandika. Kulinda daftari kulipaswa kuwa kawaida, na kuliacha wazi ndiko kungehitaji alama.

Jambo jingine la wakati huo linalostahili kukumbukwa ni namba 75. Skripti ikishindwa kupata kufuli, isiitupe barua wala isijifanye imeifikisha. Inatoka na namba 75, ambayo sendmail ya Eric Allman na seva zilizoifuata zinaielewa hivi: tatizo ni la muda, iweke barua kwenye foleni, jaribu tena baadaye. Fundi anayeijua namba hiyo hana haja ya kuandika foleni yake mwenyewe, kwa sababu seva ina foleni tayari, imejaribiwa, na inavumilia umeme kukatika.

Aliyeuliza swali la msingi ni Daniel Bernstein, Mmarekani mwanahisabati, alipoandika qmail, iliyoanza kuonekana mwaka 1996. Wengine walikuwa wakitafuta kufuli bora. Yeye aliuliza kwa nini barua ziko katika daftari moja. Jibu lake aliliita maildir, na kwa mtu aliyezoea S.L.P. halina ugeni wowote: kila barua ni faili yake. Sanduku ni folda yenye folda tatu ndani, tmp, new na cur. Barua inayofika inaandikwa kwanza tmp, kwa jina lililotengenezwa kwa saa, namba ya mchakato na jina la mashine, ili isifanane na nyingine hata seva kadhaa zikitumia diski moja. Ikiisha kuandikwa yote na kuhakikishwa kwamba imelala kwenye diski, inahamishiwa new. Kuhamisha huko ni tendo moja: ama barua ipo new ikiwa kamili, ama haipo. Msomaji hawezi kuikuta nusu. Mwenye sanduku akiisoma, inakwenda cur. Umeme ukikatika katikati, kinachobaki ni kipande cha barua kule tmp ambacho hakuna anayekisoma, na seva iliyotuma bado ina nakala yake. Michakato ishirini inaweza kuleta barua kwa pamoja na hakuna anayemngoja mwenzake. Kufuli haikuboreshwa, iliondolewa, kwa sababu kitu kilichogombewa hakipo tena.

Kwetu mabadiliko haya yalikuja na jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha. Katika enzi ya modemu, barua zilifika kwa furushi, na programu ya kugawa ilizipitia moja baada ya nyingine. Uchache wa laini ulikuwa kufuli kubwa iliyolinda kila skripti mbovu nyuma yake. Kisha laini za kudumu zikaja, na mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam. Barua hazikupanga tena foleni kwenye modemu. Zilianza kumiminika kutoka kwa watumaji wengi kwa sekunde moja. Skripti zilizofanya kazi miaka mingi bila kasoro zikaanza kuchanganya barua, na wenye nazo wakalaumu diski, wakalaumu mtandao mpya, wakalaumu virusi. Kosa lilikuwa mle ndani tangu siku ya kwanza, limefunikwa na uchelewaji.

Seva za leo zinalijua hilo. Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa mwaka 1998, haikubali kupeleka barua bila kikomo: kwa kawaida inaruhusu michakato miwili tu kwa mpokeaji mmoja wa ndani, na ishirini kwa mahali pengine popote. Fundi anaweza kuipa skripti yake njia yake ya peke yake na kuandika kikomo cha 1, na barua zitaingia humo moja moja kama treni kwenye njia ya Mombo, bila skripti yenyewe kushika kufuli yoyote. Ukomo huo hukaa katika faili ya mipangilio ambapo mrithi wake atauona, na naona hilo ni bora kuliko kufuli iliyofichwa ndani ya mistari ya skripti.

Kuna kazi ambazo bahasha haziwezi kuziokoa. Masjala inayotaka kila barua inayoingia ipewe namba ya mfululizo, ya 1041 ikifuatwa na 1042, bila namba kurudiwa wala kurukwa, ina daftari la kweli, na daftari lina mwisho mmoja. Hapo lazima mmoja aandike na wengine wangoje. Kinachofaa ni kufuli inayoshikwa kwenye faili iliyofunguliwa, flock, iliyokuja na Unix ya Berkeley mwaka 1983, kwa kuwa mchakato ukifa mfumo wenyewe unaiachia, bila AUTOEXEC.BAT na bila mtu kupanda ngazi usiku kufuta faili. Ishikwe kwa muda mfupi iwezekanavyo: soma namba, ongeza moja, andika, achia. Kutuma ujumbe, kupiga simu kwenye seva nyingine, kutafuta virusi, vyote vifanyike nje yake. Na kama haikupatikana ndani ya sekunde chache, skripti itoke na 75.